Rafiki wa Chuo Hatafutwi kwa Orodha ya Michango

Siku hizi hapa Dar unaamka asubuhi unakuta umeshaunganishwa kwenye grupu jipya la WhatsApp, sijui Waliomaliza 2007, sijui Familia ya Kozi Yetu, na kabla hujajua nani ni nani tayari kuna kamati, kuna mweka hazina, rangi ya tisheti inapigiwa kura na tarehe ya kwenda Bagamoyo au kupanda boti kwenda Mbudya imeshapangwa. Watu wanalichukulia jambo hili kwa namna mbili. Kuna wanaolifurahia wanasema undugu wa chuo umerudi, hii ndo dawa ya upweke wa mjini. Na kuna wanaosema ni maonyesho ya magari na njia mpya ya kuombana hela, halafu mtu aliyepotea miaka kumi na tano ana sababu zake, aachwe huko huko aliko. Mimi naona pande zote mbili zimekosea sehemu moja, zote zinachukulia kwamba grupu ndo rafiki. Marafiki wa chuo hapa kwetu hawakupoteana kwa kiburi wala kwa kusahauliana. Walipoteana sababu maisha yaliwagawa vibaya baada ya kumaliza, na mgawanyo ule ukaleta aibu, na aibu ndo imewaweka mbali mpaka leo. Ndo maana grupu la watu mia lenye orodha ya michango haliwezi kumrudisha yule ambaye hasa ndo tunamkosa. Huyo anatafutwa na mtu mmoja, pembeni, bila kamati.

Kwanza tuelewane urafiki wa chuo unatokana na nini. Wengi wanaamini wale wenzetu walikuwa watu wa pekee, wenye roho nzuri kuliko hawa tunaofanya nao kazi leo. Siamini hivyo. Walikuwa watu wa kawaida tu, ila tulikuwa na muda nao. Jeffrey Hall, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas kule Marekani, mwaka 2018 alichapisha utafiti uliokadiria kwamba kutoka kujuana tu hadi kuwa marafiki wa kawaida watu wanahitaji kama masaa 50 ya kuwa pamoja, na kufika urafiki wa ndani kabisa inazidi masaa 200. Sasa chukua maisha ya hosteli za Dar. Mwaka 2017 yalipofunguliwa mabweni mapya pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye nafasi 3,840 watu walishangilia kweli kweli, na waliosoma vyuo vya mjini hapa miaka ya nyuma wanajua kwa nini, kulikuwa na kubebana, yaani mwenye chumba anambeba asiye na chumba, watu wawili kitanda cha mtu mmoja semista nzima. Mnapiga msuli wote, mnapanga foleni ya maji wote, mnagawana kitini kimoja, na boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, likichelewa mnasonga ugali kwenye jiko la umeme mlilolificha chini ya kitanda, mmoja anasonga mwingine amesimama mlangoni anasikiliza viatu vya mlinzi kwenye korido. Masaa 200 hapo yanaisha kabla hata testi ya kwanza haijafika. Ukishaanza kazi hayo masaa huyapati tena popote, mwenzako wa ofisini unampata nusu saa ya chakula cha mchana na nyote mnaangalia simu. Kwa hiyo mtu anayesema siku hizi hamna marafiki wa kweli, mimi namuelewa, ila tatizo lake ni ratiba.

Halafu angalia kilichofuata. Elimu ya juu Dar ilianza 1961 pale Lumumba na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini, na kwa idadi hiyo hakuna anayeweza kupotea. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90 serikali ndo ilikuwa inawapanga wahitimu kazini, ukijua mtu kapelekwa wizara gani au mkoa gani umeshampata, unamwandikia barua kwa sanduku la posta la ofisi yake na inafika. Kizazi chetu hakikuwa na hilo. Sheria ya Bodi ya Mikopo ikapita 2004, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa 2007, vyuo binafsi vikaongezeka, watu wengi wakapata digrii na hilo ni jambo jema sana, silipingi hata kidogo, watoto wa wakulima waliingia madarasa ambayo wazazi wao hawakuwahi kuyaona. Lakini ajira hazikukua kwa kasi hiyo. Mwanzoni mwa 2025 TRA, mamlaka ya mapato, ilitangaza nafasi 1,596 na maombi yaliyofika yalizidi laki moja na thelathini. Fikiria maana yake kwa marafiki. Darasa moja, matokeo yanayokaribiana, mmoja anapata benki, mwingine anafundisha Sumbawanga, mwingine anauza vitenge Kariakoo na wa nne bado yuko kwa shemeji yake Tabata anasubiri usaili. Hakuna aliyefanya kosa hapo. Ni bahati, ni nani alikuwa na mjomba wapi, ni nani alipata tangazo mapema. Ila miaka kumi baadaye tunakaa tunaisoma ile tofauti kama vile ni alama za mtihani, huyu kafaulu maisha na yule kafeli.

Na vitu vidogo vidogo vikasaidia kuwapoteza watu. Namba za simu peke yake ni stori ndefu. Miaka ya 2000 namba za 0741 zikawa 0713, za 0744 zikawa 0754, za 0748 zikawa 0784, kampuni zenyewe zikabadilisha majina, watu wakaibiwa simu kwenye daladala na wakanunua laini nyingine ya barabarani kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuirudisha ile ya zamani. Halafu Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zikazimwa, na aliyekuwa hana namba ya NIDA wakati ule, hasa wa vijijini na waliokuwa nje ya nchi, namba yake ikaondoka na kila aliyekuwa ameihifadhi. Kwa wanawake ni zaidi. Msichana uliyesoma naye ana jina la baba yake, akiolewa wengine wanachukua la mume, na kwenye simu za watu anaitwa Mama Junior au Mama Aisha, picha ya profaili ni ya mtoto. Utamtafuta Facebook mpaka uchoke. Wanaume waliosoma pamoja wengi bado wanaitana majina ya chuo mpaka wanazeeka, sisi jina lenyewe linabadilika na mtu anapotea akiwa yupo mtaa wa tatu kutoka kwako.

Jiji nalo limetanuka. Sensa ya 2002 Dar ilikuwa na watu takribani milioni 2.5, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Aliyepanga Sinza baada ya chuo amejenga Chanika, mwingine Bunju, mwingine Kibada ng'ambo ya Kigamboni, mwingine Mbezi ya Kimara ndani ndani huko ambako bodaboda mwenyewe anauliza njia. Jumamosi ambayo mngeonana ndo siku ya msiba, ya kikao cha harusi, ya fundi wa choo, na foleni ya kwenda na kurudi inakula siku nzima. Juu ya hapo serikali ikahamia Dodoma kuanzia 2016 na ikaondoka na watumishi wake, watu wamefunga virago na familia, marafiki wa Dar wakabaki na ahadi za tutaonana ukishuka. Nayataja haya kwa kirefu sababu watu wanapenda kusema rafiki yangu alinitupa. Mara nyingi hamna aliyemtupa mwenzake. Mlivutwa kila mtu upande wake na hakuna aliyepata nafasi ya kushika kamba.

Lakini umbali peke yake usingetosha, maana mtu akiwa Sumbawanga na simu anapatikana. Kinachomaliza ni aibu, na hapa ndo nataka tukae kidogo. Kuna watu hawamo kwenye magrupu haya kabisa na hakuna anayewauliza. Wa kwanza ni waliodisko, yaani waliokatishwa masomo njiani. Grupu linaitwa Waliomaliza mwaka fulani, sasa yule aliyekaa na nyie miaka miwili, aliyekufundisha takwimu usiku kucha, akashindwa kufika mwaka wa tatu kwa sapu au kwa ada, anaingia kwa mlango gani? Hajamaliza. Jina la grupu lenyewe limeshamtoa. Wa pili ni walioingia kwenye madeni. Hii mikopo ya mtandaoni imeumiza watu kuliko tunavyosema, zile programu zilikuwa zinachukua namba zote zilizomo kwenye simu ya mkopaji, akichelewa kulipa siku mbili bosi wake, mchungaji wake na mtu aliyesoma naye wanapata meseji kwamba fulani ni tapeli anadaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni, sawa, lakini meseji zilikuwa zimeshatumwa. Mtu aliyefanyiwa hivyo anabadilisha laini na hataki kumuona yeyote aliyeisoma ile meseji. Wengine ni walioachika, wanaouguza, waliougua wenyewe, na wale ambao hawakupata ajira na wamechoka kuulizwa sasa hivi uko wapi.

Mtu wa namna hiyo ukimuunganisha kwenye grupu anakutana na nini? Anakutana na orodha. Nyie mnaijua. Inaanza na maneno ya kukumbushana wapendwa, halafu namba moja jina, ahadi laki mbili, ametoa, alama ya tiki ya kijani. Namba mbili, ahadi laki, ametoa hamsini, baki hamsini. Inateremka hivyo mpaka namba arobaini na kitu ambapo majina yamekaa peke yake na nukta nukta mbele. Inabandikwa asubuhi na jioni, kila mtu akitoa inabandikwa upya, na kila ikibandikwa yale majina yenye nukta yanazidi kuonekana. Admini hana nia mbaya, anataka tu shughuli iende na ndivyo tulivyozoea kwenye harusi. Ila kwenye harusi wewe ni mchangiaji, una haki ya kusema mwezi huu sina. Hapa kinachochangiwa ni wewe mwenyewe kuwa mmoja wa wenzako. Asiye na laki anajitoa kimya kimya usiku, grupu linaandika fulani ameondoka, mmoja anauliza kulikoni, mwingine anajibu labda bando, na mazungumzo yanarudi kwenye tisheti.

Nina rafiki yangu mmoja wa hivyo, nilikaa naye chumba kimoja chuoni, alijitoa kwenye grupu letu mara mbili. Namba yake niliipata kwa kaka yake niliyekutana naye msibani, na sikumpigia simu kuuliza maswali mengi, nilimwambia tu Jumapili nakuja. Anakaa Chamazi, ana duka la chakula cha kuku. Tuliongea yeye akiwa anapima pumba kwenye mzani wa kuning'iniza, mteja anaingia anataka kilo tano za layers, anapima, anafunga mfuko kwa kamba, anarudi kwenye stori pale pale alipoiacha bila kupoteza neno. Aliniambia, shoga meseji zenu zote nilikuwa nazisoma, nazisoma usiku watoto wakilala, nataka kuandika halafu nawaza mtu akiniuliza unafanya wapi nitamjibu nini, nifute digrii niandike pumba? Nikamwambia duka lako limejaa kuliko akaunti za nusu ya watu wa lile grupu. Akacheka, akaniita jina langu la chuo ambalo hakuna mtu mwingine mjini hapa analijua. Sikumwambia arudi kwenye grupu na yeye hakuuliza. Sa hivi tunaonana, si kila wiki, ila tunaonana.

Sasa tuwape haki yao wanaotetea magrupu, sababu wana hoja na ni hoja nzito. Msiba ukitokea alfajiri, mchana kuna gari, kuna rambirambi, kuna watu wa kukaa na mfiwa mpaka siku ya kuzika. Mtoto wa mwenzenu akilazwa, ndani ya dakika kumi kuna daktari mliyesoma naye amejibu nenda kitengo fulani muone fulani. Mtu amefutwa kazi, mwenzake kamtumia tangazo. Haya yote nimeyaona kwa macho na hakuna rafiki mmoja anayeweza kuyafanya peke yake. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alishaandika tangu 1973 kwamba taarifa za ajira mara nyingi zinatoka kwa watu tunaojuana nao juu juu kuliko kwa marafiki wa karibu, maana wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe. Kwa hiyo simwambii mtu avunje grupu. WhatsApp yenyewe inaruhusu watu 1,024 kwenye grupu moja na kwa kazi ya msiba wingi ni nguvu. Ninachokataa ni kuhesabu kwamba kwa kuwa tumo humo wote basi tumeshakutana. Grupu ni mfuko wa kusaidiana, linafanya kazi ya mfuko. Urafiki unahitaji yale masaa, na masaa hayakai kwenye grupu.

Kuna hoja ya pili ambayo naiheshimu zaidi, kwamba watu hubadilika, utamtafuta uliyemuacha chuo na utakuta mtu mwingine kabisa. Ni kweli. Utakuta mwenzako aliyekuwa anacheza muziki mpaka asubuhi sa hivi hataki hata kusikia wimbo, aliyekuwa mkimya amekuwa mtu wa siasa anaongea peke yake saa nzima, mwingine ameumizwa na ndoa mpaka kila mada inarudi huko. Na wewe pia umebadilika, yeye ndo anaiona. Kukutana tena kunaweza kuishia kwenye soda moja na kuagana vizuri, na hilo halina ubaya wowote. Tatizo la hoja hii ni pale inapotumika kuzuia hata hiyo soda. Lara Aknin na Gillian Sandstrom walichapisha utafiti 2024, waliwachukua watu wanaosema wenyewe wanataka kuwasiliana na rafiki wa zamani, wana mawasiliano yake, wakapewa na muda wa kuandika ujumbe pale pale. Waliotuma hawakufika hata theluthi. Watafiti wakaona watu wanasita kumtafuta rafiki wa zamani sawa na wanavyosita kuongea na mtu wasiyemjua. Yaani yule uliyelala naye kitanda kimoja semista nzima, miaka ikipita moyo unamuweka kundi moja na abiria wa kiti cha jirani kwenye mwendokasi. Kwa hiyo ule woga tunaouita amebadilika sana, sehemu yake kubwa ni ugeni tu, na ugeni unaisha mkionana.

Hela. Hii lazima isemwe sababu ndo inayowafunga wengi mdomo. Ni kweli wapo wanaokutafuta baada ya miaka kumi, salamu mbili, ya tatu ni nikopeshe laki mpaka mwisho wa mwezi. Ni kweli pia matapeli wanateka akaunti ya WhatsApp ya mtu na kuwaomba hela marafiki zake wote, kwa hiyo ukipata meseji ya ghafla una haki ya kushtuka, na dawa yake ni kupiga simu usikie sauti. Lakini angalia hoja hii inavyoonea upande mmoja. Anayeomba laki tunamsema mjini kote, ila yule aliyefanikiwa anayekualika kahawa baada ya miaka yote hiyo halafu nusu saa ya kwanza ikiisha anatoa makaratasi ya viwanja, au bima, au biashara ya mtandao ya virutubisho, huyo tunamwita mchapakazi, analeta fursa. Wote wawili wamekuja na shida zao mfukoni. Wa laki angalau shida yake inaisha akipata laki. Na uzuri ni kwamba mtu mzima anaweza kusema sina na stori zikaendelea. Urafiki uliovumilia kula mlo mmoja kwa siku kipindi boom limekwama hauvunjwi na neno sina, ukisema kwa upole na ukabaki umekaa. Unavunjwa zaidi na kujificha.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayosikika sana, ni hii ya kama angekuwa rafiki kweli angenitafuta yeye. Inaonekana ina heshima ndani yake, mtu anajilinda asijipendekeze. Ukiigeuza tu inaanguka, maana yeye naye huko aliko anasema hivyo hivyo, na kama kanuni ni hiyo basi hakuna rafiki duniani aliyewahi kuwa wa kweli. Kibaya zaidi inawatwisha mzigo wasio na nguvu ya kuubeba. Kwa desturi zetu mgonjwa ndo anatembelewa, hatusubiri aamke kitandani aje atuambie anaumwa. Sasa mwenye gari, mwenye bando la mwezi, mwenye kazi anayoweza kuitaja bila kumeza mate, anakaa nyumbani anasubiri atafutwe na mtu ambaye kila akishika simu anajiuliza atasema anafanya nini. Kutafuta kunahitaji ujasiri, na ujasiri ameshautumia wote kwenye kodi ya nyumba. Kuna utafiti mwingine wa 2022 uliongozwa na Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, walikuta kwamba anayetafutwa hufurahi kuliko mtafutaji alivyodhani, na furaha inazidi pale ambapo hakutegemea kabisa. Kwa hiyo hata yule ambaye bado anapiga hesabu ya nani anastahili, ajue anaipiga kwa namba pungufu.

Kwa kweli jambo hili linanigusa kwa sababu moja kubwa kuliko kumbukumbu za ujana. Sisi tuliosoma miaka ile sa hivi tuko kwenye arobaini, wazazi wanaondoka mmoja mmoja, ndugu wamebaki mikoani, watoto wanakua na mambo yao. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 imesema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na mimi nikitazama Dar naamini kabisa. Mtu ana jirani haijui sauti yake, ana geti na mbwa, ana magrupu ishirini, na siku akipata jibu baya hospitali anakaa kwenye gari pale maegesho anapekua majina kwenye simu haoni wa kumpigia. Rafiki wa chuo ana kitu ambacho mume hana na wafanyakazi wenzako hawana, alikujua ukiwa huna cheo, huna mtoto, huna chochote cha kumpa. Mbele yake huna haja ya kuanza mwanzo. Na kama aliyepotea ndo ana shida kubwa zaidi kuliko wewe, basi tukimwacha tumemnyima hicho wakati anakihitaji.

Kwa hiyo kwa wenye magrupu, na najua mnasoma, kuna mambo yanaweza kubadilishwa leo leo. Orodha ya michango ikae kwa mweka hazina na mtoaji tu, jumla ndo itangazwe. Jina la grupu lisitaje kumaliza, litaje kuingia, wale wa mwaka wa kwanza wote wawe na haki humo, waliodisko, waliohama kozi, walioahirisha kwa mimba na hawakurudi. Kabla ya kuchagua ukumbi, kaeni muandike majina ya wasiopatikana, halafu kila jina apewe mtu mmoja aliyekuwa naye karibu, na kazi yake isiwe kumuingiza kwenye grupu, iwe kwenda kumuona. Asiende na kamera, na picha ya tazameni nimempata nani isirushwe mpaka mwenyewe aseme rusha. Kwenda kwake ni muhimu kuliko kumualika Masaki au Mikocheni, sababu ukimfuata anapokaa anakukaribisha, yeye ndo mwenyeji, anakuuliza utakunywa nini. Swali la uko wapi siku hizi liache, atasema akitaka. Na la fursa lisubiri, kama lipo, mkutano wa tatu au wa nne.

Wa mikoani nao wasiachwe kwa kisingizio cha umbali. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, safari iliyokuwa inakula siku sasa ni kama masaa matatu na nusu, unaondoka Dar asubuhi unakula naye mchana na usiku upo kwako. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa 31,000, na kwenye magrupu ninayoyajua mimi hela hiyo haitoshi hata mchango wa ukumbi, kwa hiyo mwenye laki ya riyunioni ya Desemba anayo nauli ya kwenda na kurudi na chenji ya kununulia zawadi ya watoto.